Chuo kilichojizalia mji: jibu kuhusu Oberlin, Ohio

Swali: "Shikamoo mwalimu. Binti yangu amepata nafasi ya kusoma Oberlin, jimbo la Ohio. Nimeufungua huo mji kwenye ramani, naona mashamba pande zote na wakazi elfu nane tu. Kwa nini Wamarekani waliweka chuo chenye sifa mahali kama pale? Ni mji wa watu gani, na mtoto wetu wa Kiafrika atapokelewaje huko?" (Mama, Moshi)

Marahaba mama, na hongera kwa malezi.

Umeuliza kwa nini chuo kiliwekwa kwenye mji mdogo hivyo. Ukweli ni kwamba hakuna mji uliokuwapo wa kuwekewa chuo. Mwaka 1833 pale palikuwa pori tupu, na chuo na mji vilianza mwaka huohuo, kwa mikono ya watu walewale, kwa ajili ya kazi moja ya dini. Wakazi wa kwanza walihamia kwa sababu ya chuo. Wenyeji wa Oberlin wa leo wanajivunia hilo, na wakigombana, ambavyo hutokea mara nyingi, chanzo huwa hichohicho.

Kwa jumla Marekani ya karne ya 19 haikuwa na wizara ya elimu ya kupanga chuo kijengwe wapi. Vyuo vilianzishwa na madhehebu, na watu walipokuwa wakihamia magharibi kila dhehebu lilitaka kuwa na wachungaji na walimu wake huko mbele. Ardhi ya vijijini ilikuwa rahisi. Wazazi nao waliamini, kama wazazi wa kila mahali, kwamba mjini kuna ulevi na mambo mengine ya kumharibu kijana. Ndiyo maana hadi leo ukipita Ohio, Iowa au Indiana unakuta chuo cha heshima kimekaa katikati ya mahindi na soya. Oberlin ni mmoja wa miji ya namna hiyo, ila hapo asili ya kidini ilikuwa kali kuliko kawaida.

Waanzilishi walikuwa wawili. John Jay Shipherd alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri katika mji jirani wa Elyria, na Philo Stewart alikuwa amefanya umisionari miongoni mwa Wahindi Wekundu wa kabila la Choctaw. Stewart alikuwa pia fundi mwenye kichwa chepesi: jiko lake la chuma liliuzwa kwa jina la jiko la Oberlin. Jina lenyewe walilichukua kwa mchungaji wa milima ya Alsace, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1826, ambaye pamoja na kuhubiri aliwajengea waumini wake barabara na shule za watoto wadogo na kuwafundisha kilimo. Walisoma habari zake wakaona huyo ndiye mfano.

Pori lile lilikuwa mali ya wafanyabiashara wawili wa New Haven, mbali kule mashariki, na lilikuwa limebaki bila mnunuzi kwa sababu za wazi: tambarare, udongo wa mfinyanzi, maji yanatuama. Wenye mali walitoa ekari 500 bure kwa ajili ya shule, na ekari nyingine 5,000 wakaziuza kwa dola moja na nusu kila moja. Shipherd aliwauzia walowezi kwa dola mbili na nusu, na ile dola ya juu ikaenda kuendesha shule. Ndiyo hesabu iliyoanzisha mji mzima. Masomo yalianza Desemba 1833.

Kila aliyehamia alitakiwa kukubali agano. Atamiliki mali yake, lakini ataitumia kwa faida ya wote. Nyumba ya kawaida, mavazi ya kawaida yasiyobana, chakula cha kawaida. Hakuna tumbaku wala pombe, na ikiwezekana hata chai na kahawa ziachwe. Mama, ukiwakumbuka walokole wa uamsho wa Bukoba, wale wa kuungama hadharani na kuuliza kila kitu kama kinampendeza Mungu, utakuwa umeikaribia sana hali ya Oberlin ya miaka ya 1830. Kwa muda fulani meza ya chuo ilikuwa haina nyama wala viungo. Wanafunzi walitakiwa kufanya kazi za mikono kila siku kwa muda wa saa nne hivi, na kaulimbiu ya chuo mpaka sasa ni "Elimu na Kazi".

Labda ungebaki mji mdogo wa washika dini, wa kusahaulika. Kilichoubadilisha kilikuwa ukata, na bahati ya ugomvi wa watu wengine.

Mwaka 1834, katika seminari ya Lane huko Cincinnati, kusini mwa jimbo hilohilo, wanafunzi walifanya mjadala wa utumwa kwa jioni 18. Walimaliza wakiwa wamekubaliana kwamba utumwa ukomeshwe mara moja, wakaanza kuwafundisha watu Weusi wa mjini. Ng'ambo ya mto Ohio kulikuwa Kentucky, nchi ya watumwa, na wafanyabiashara wa Cincinnati waliishi kwa biashara ya huko. Wadhamini wa seminari wakapiga marufuku mjadala. Wanafunzi wengi wakaondoka. Shipherd, ambaye chuo chake kilikuwa karibu kufa kwa kukosa fedha, akawafuata na kuwaomba waje kwake. Wakamwekea masharti: uhuru wa kusema, na wanafunzi Weusi wapokelewe sawa na Weupe. Nyuma yao walikuwa Arthur Tappan na ndugu yake Lewis, matajiri wa New York waliopinga utumwa, na ahadi ya kumleta Charles Finney, mhubiri wa uamsho aliyevuma kuliko wote nchini wakati ule.

Nisingependa binti yako aambiwe kwamba Oberlin waliruka kwa shangwe. Wengi waliogopa. Wanafunzi walipigiwa kura ya maoni, na wengi wakakataa. Februari 1835 wadhamini walikutana, wakagawanyika nusu kwa nusu, na mwenyekiti wao John Keep ndiye aliyetoa kura ya kuamua. Hata azimio lenyewe limeandikwa kwa kuzungukazunguka, likisema tu kwamba elimu ya watu Weusi ni jambo la kutiliwa maanani na kuungwa mkono. Lakini lilitosha. Fedha za akina Tappan zikaingia, Finney akaja, wanafunzi wa Lane thelathini na kitu wakaja, na mmoja wao, James Bradley, alikuwa amezaliwa Afrika akauzwa utumwani angali mtoto. Kwangu mimi, kura ile ndiyo mwanzo halisi wa mji. Agano la chai na kahawa lilififia baada ya miaka michache. Hili la nani aingie halikufifia.

Wanawake walikuwa wameingia tangu mwanzo, katika idara yao. Mwaka 1837 wanne wakajiandikisha kwenye kozi ileile ya wanaume, na watatu wakapata shahada mwaka 1841, jambo ambalo halikuwa limetokea katika chuo chochote cha mchanganyiko Marekani. Wakati huohuo wasichana walikuwa wakiwafulia na kuwashonea nguo wanafunzi wa kiume. Lucy Stone, aliyekuja kuwa msemaji mkubwa wa haki za wanawake, alimaliza mwaka 1847 akakataa kuandika hotuba ya mahafali kwa sababu ingesomwa na mwanamume. Antoinette Brown alimaliza masomo ya theolojia mwaka 1850 akanyimwa shahada. Mary Jane Patterson alipata yake mwaka 1862, na anatajwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini kupata shahada kamili ya chuo. Utaona jinsi mlango ulivyofunguliwa: kwanza ufa, halafu mtu anausukuma kutoka ndani.

Sasa nifike kwenye mkasa ambao kila mtu wa Oberlin anaujua.

Kufikia miaka ya 1850 karibu mtu mmoja kati ya watano wa mji ule alikuwa Mweusi. Baadhi walizaliwa huru, wengine walikuwa wamejinunua, wengine walitoroka. Walikuwa na karakana na maduka kwenye mitaa ileile ya Weupe: mafundi seremala, washona hatamu za farasi, washona viatu. Kaka wawili wa ukoo wa Evans walitengeneza samani na majeneza, na nyumba ya mmoja wao ingalipo mtaa wa Vine. John Mercer Langston, mwanasheria Mweusi aliyehitimu Oberlin, alichaguliwa karani wa kata ya jirani ya Brownhelm mwaka 1855, akiwa miongoni mwa Waamerika Weusi wa kwanza kabisa kushika cheo cha kupigiwa kura. Watoro wengine walipita tu, wakielekea Ziwa Erie na kuvuka kwenda Kanada. Mwaka 1853 walifika wakimbizi wakiwa na mtoto wa miaka minne, Lee Howard Dobbins, mgonjwa asiyeweza kuendelea na safari. Waliokuwa naye walilazimika kwenda mbele bila yeye. Alifia pale, na mji ukamzika kwa umati ambao mtu mzima mwenye cheo hakuupata.

Lakini tangu 1850 ilikuwapo sheria ya serikali kuu ya kurudisha watumwa watoro. Mtuhumiwa hakuruhusiwa kujitetea kwa kinywa chake wala kupata baraza la wazee wa mahakama, na aliyemficha alikabiliwa na faini ya dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Tarehe 13 Septemba 1858 wakamata watumwa kutoka Kentucky, wakiwa na afisa wa serikali kuu, walimvizia kijana mmoja, John Price. Hawakuthubutu kumshika ndani ya mji. Walimlipa mtoto wa mkulima tajiri dola 20 amtoe nje kwa gari la farasi, kwa kisingizio cha kibarua cha viazi. Huko barabarani wakamdaka, wakamkimbiza Wellington, kilomita 14 kusini, wakasubiri treni katika hoteli.

Njiani walipishana na vijana wawili wa Oberlin. Price akapiga kelele. Habari zikafika mjini, na watu wakaacha walichokuwa wakifanya. Nenda ukatazame orodha ya walioshtakiwa baadaye, mama, ndipo utaujua ule mji: mwenye duka la vitabu na karani wake, profesa, wanafunzi wa theolojia, washona viatu, mshona hatamu, seremala, wakulima. Weusi na Weupe. Waliizingira hoteli mchana wote, wengine wakitaka kwanza kuona karatasi za kisheria. Jioni ilipokaribia wakaingia kwa nguvu, wakamtoa Price darini. Hakuna aliyeuawa. Karani wa duka la vitabu, Simeon Bushnell, alimpakia akaondoka naye mbio. Walimficha kwa profesa James Fairchild, mtu mpole mwenye tahadhari ambaye hakuna angemdhania, na siku chache baadaye akasafirishwa kuelekea Kanada. Fairchild huyohuyo alikuja kuwa rais wa chuo.

Watu 37 walishtakiwa. Wawili tu ndio kesi zao zilifika mwisho: Bushnell, na Charles Langston, mwalimu Mweusi, kaka yake John Mercer. Langston alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya hukumu, aliiambia mahakama kwamba hakuhukumiwa na watu wa hali yake, na kwamba kwa sheria ile mtu Mweusi yeyote, hata aliye huru, angeweza kubebwa bila kinga. Alisema tukio likijirudia atafanya vilevile. Hakimu alimpa siku 20 na faini ya dola 100, pungufu sana kuliko Bushnell aliyepata siku 60 na dola 600. Wenzao walikaa jela ya Cleveland wakikataa dhamana, wakachapisha gazeti wakiwa ndani. Kesi zilizobaki ziliisha kwa ujanja wa kienyeji: wilaya ya Lorain, ambamo Oberlin imo, iliwashtaki wale wakamataji kwa utekaji, na Julai 1859 pande zote zikafuta mashtaka.

Miezi mitatu baadaye John Brown, mpinga utumwa aliyetaka kuwasha uasi wa watumwa, alivamia ghala la silaha la Harpers Ferry, Virginia. Miongoni mwa watu wake walikuwamo wawili wa Oberlin, Lewis Sheridan Leary mshona hatamu na John Copeland seremala, ambaye alikuwapo pia Wellington. Leary alikufa kwa majeraha. Copeland alinyongwa tarehe 16 Desemba. Wazazi wake walimtuma profesa James Monroe akaombe maiti, na wanafunzi wa udaktari wa Winchester wakakatalia mwili, akarudi mikono mitupu. Mjane wa Leary baadaye aliolewa na Charles Langston. Mjukuu wao ni mshairi Langston Hughes. Kuna mnara wa kuwakumbuka Leary na Copeland mtaa wa Vine, katika bustani ndogo yenye jina la Martin Luther King.

Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe mji ulipoa, na hapa nitapita haraka, isipokuwa kwa mambo mawili au matatu. Ari ya dini ilihamia kwingine. Vijana walikwenda China kama wamisionari, na waliouawa Shanxi katika ghasia za 1900 wamejengewa tao la mawe upande mmoja wa uwanja wa kati, tangu 1903. Kizazi cha baadaye kikauliza, na Wachina waliouawa? Likaongezwa bamba lao. Siku ya mahafali wapo wanaopita katikati ya tao na wapo wanaolizunguka kwa makusudi. Ari nyingine ilikwenda kwenye pombe. Chama kilichoisukuma Marekani hadi kupiga marufuku ulevi kuanzia 1920 kilianzishwa Oberlin mwaka 1893, na mhitimu wa hapo, Wayne Wheeler, ndiye aliyekuwa fundi wake wa kuwabana wanasiasa. Marufuku ilifutwa 1933. Mji wenyewe uliendelea kubania vinywaji vikali kwa miaka mingi baada ya hapo.

La tatu liko jikoni kwako. Charles Martin Hall alimaliza Oberlin mwaka 1885, na tarehe 23 Februari mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, katika banda la kuni la nyumba ya wazazi wake, alifaulu kupata alumini kwa kupitisha umeme kwenye madini yaliyoyeyushwa. Dada yake Julia, aliyesoma kemia chuo hichohicho, alifuatilia majaribio na kuyaandika, ingawa sifa zilimwendea kaka. Mfaransa Héroult aligundua njia ileile mwaka huohuo. Kabla yao alumini ilikuwa metali ya fahari. Ncha ya mnara wa Washington ilitengenezwa kwa alumini mwaka 1884. Leo ni sufuria. Hall alikufa tajiri mwaka 1914 na kukiachia chuo theluthi ya mali yake. Ule uwanja wa kati, Tappan Square, wenye ekari 13, uko wazi bila majengo kwa matakwa yake. Utajiri wa chuo kidogo kama kile unaeleweka vizuri ukijua habari ya lile banda la kuni.

Lakini kipindi hichohicho mji ulirudi nyuma katika jambo lililoupa jina. Mwaka 1882 kulizuka mzozo kuhusu wasichana Weupe waliokataa kula meza moja na wenzao Weusi katika bweni. Miaka miwili baadaye walihitimu wanawake Weusi watatu waliokuja kuwa na majina makubwa: Mary Church Terrell, Anna Julia Cooper na Ida Gibbs Hunt. Terrell alipowapeleka binti zake Oberlin karibu miaka 30 baadaye, alikuta ubaguzi kwenye malazi ambao anasema enzi zake haukuwapo, akauandikia uongozi wa chuo kwa uchungu. Nadhani barua za Terrell zinafaa kusomwa pamoja na habari za Wellington, siyo badala yake. Anayesimulia moja tu anauza kitu.

Na Waafrika? Binti yako hatakuwa wa kwanza hata kidogo. Margru, msichana wa Kimende aliyekuwa ndani ya jahazi la watumwa la Amistad pale mateka walipoasi mwaka 1839, alisoma Oberlin katika miaka ya 1840 kwa jina la Sarah Kinson, kisha akarudi Sierra Leone kuwa mwalimu wa misheni. John Dube, Mzulu, alifika mwaka 1887. Mwaka 1912 akawa rais wa kwanza wa chama kinachoitwa leo ANC. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki mlango ulifunguka zaidi kwa zile ndege za wanafunzi zilizopangwa na Tom Mboya kuanzia 1959, zilizowatawanya Wakenya na majirani zao kwenye vyuo vidogo vya namna hii. Pamela Odede, aliyekuja kuwa mke wake, alisoma mji mwingine mdogo wa Ohio, uitwao Oxford.

Kuhusu mji wa leo, nikueleze unavyokaa. Uko kilomita 55 hivi kusini-magharibi ya Cleveland. Treni haisimami tena. Njia ya reli ya zamani imekuwa njia ya baiskeli. Tappan Square iko katikati, chuo kimeizunguka pande tatu na maduka yako upande wa nne, kiasi kwamba mwanafunzi anavuka majani kutoka maktaba akanunue chakula. Kuna mtaa unaitwa Profesa. Kuna mawe makubwa uwanjani ambayo wanafunzi huyapaka rangi na maneno usiku, na kesho yake wengine hupaka juu yake. Kuna kindi weupe ambao wenyeji wamewafanya alama ya mji. Mbele ya bweni moja, vyuma vya reli vinachomoza kutoka ardhini kuelekea juu, sanamu ya mwaka 1977 ya kukumbuka njia za siri za watoro.

Chuo kina wanafunzi karibu 2,900, na ndani yake kuna shule ya muziki iliyoanzishwa mwaka 1865, kwa hiyo karibu kila jioni ya muhula kuna onyesho na mengi hayana kiingilio. Makumbusho ya sanaa, ya tangu 1917, yana desturi ninayoipenda kuliko zote: kwa dola tano mwanafunzi anaazimishwa mchoro halisi wa msanii mashuhuri akautundike chumbani muhula mzima. Wanafunzi hulala nje kupanga foleni.

Usidhani kila mkazi ni profesa. Nje kidogo kuna kituo kikubwa cha serikali cha kuongoza ndege za anga la kaskazini mwa Ohio na sehemu za majimbo jirani. Kuna kijiji cha wastaafu kilichoanzishwa kwa misingi ya Wakweka (dhehebu la Kikristo la kupenda amani), kilichojaa wahitimu wa zamani wanaohudhuria mihadhara kuliko wanafunzi wenyewe. Kuna familia Nyeusi ambazo mizizi yao pale ni ya zamani kuliko ya karibu kila mtu anayefundisha chuoni. Na wilaya ya Lorain kwa jumla ni nchi ya viwanda vya chuma na magari vilivyofungwa au kupunguza watu. Mwanafunzi anayetoka familia ya ada kubwa na mtoto wa mji anayefanya kazi jikoni mwa bweni wanapita njia moja kila siku, na kila mmoja anaona kilicho mkononi mwa mwenzake.

Pengo hilo lililipuka Novemba 2016. Mwanafunzi Mweusi alituhumiwa kuiba mvinyo katika duka la mikate la Gibson, lililokuwapo tangu 1885, kukatokea kukabana, wanafunzi watatu wakakamatwa. Wenzao waliandamana wakisema duka lina ubaguzi, na chuo kikasitisha kununua bidhaa zake kwa muda. Mwaka uliofuata wale watatu walikiri makosa madogo, wakasoma mahakamani maelezo kwamba walichotendewa hakikutokana na rangi. Wenye duka walikishtaki chuo kwa kashfa, wakashinda mwaka 2019, na baada ya rufaa kugonga mwamba chuo kililipa zaidi ya dola milioni 36 mwaka 2022. Nchini kote kila upande ulichukua kisa hiki ukakifanya fimbo. Pale mjini kilikuwa kigumu zaidi, kwa sababu wahusika walikuwa majirani wa zaidi ya karne. Mimi naona chuo kilifanya haraka mno kuchagua upande. Naona pia kwamba malalamiko ya wanafunzi Weusi kufuatwafuatwa madukani si ya kubuni, Ohio wala kwingine.

Kwa hiyo atapokelewaje? Atapokelewa kwa maswali. Oberlin ni mji wa watu wanaojadili kila kitu, kuanzia chakula cha bweni hadi vita vya nje, na watataka kujua maoni yake kuhusu Afrika nzima kana kwamba ametumwa na Umoja wa Afrika. Ukimya wa heshima tunaowafundisha watoto wetu darasani, huko mwalimu ataudhania kuwa hajasoma. Mwambie azungumze mapema, hata kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Moshi. Atakutana na Waafrika wengine na Wamarekani Weusi, na ajue kwamba hawa wa pili wana historia yao na mji ule, kama ulivyoona hapo juu. Asijidhanie kuwa ni mmoja wao, nao wasimdhanie hivyo. Akitaka kupunguza gharama aulize kuhusu mabweni ya ushirika, ambapo wanafunzi wenyewe wananunua chakula, wanapika na kuosha vyombo kwa zamu. Ni mabaki ya ile "Elimu na Kazi", na msichana aliyelelewa na mama wa Moshi atawazidi wengi kwenye masufuria.

Baridi ni ya kweli. Desemba hadi Machi upepo wa Ziwa Erie unapita kwenye tambarare bila kizuizi, na koti la kununuliwa mitumba Moshi halitatosha, anunue hukohuko. Januari chuo kina muhula mfupi ambapo mwanafunzi anafanya mradi anaouchagua mwenyewe, pale au popote duniani, kwa hiyo miaka mingine anaweza kuufanyia nyumbani. Kabla hajaondoka, aandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni aulize mambo mawili: mabweni yanafungwa tarehe zipi za Desemba na wasio na pa kwenda wanalala wapi, na usafiri gani upo kutoka uwanja wa ndege wa Cleveland siku ya kufika. Majibu ayachape kwenye karatasi, asitegemee simu.